Kiti cha kamati ya mbio Al Twar kilivyonitoka kwa sababu ya roommate

Wakuu, heshima kwenu. Niko Dubai mwaka wa sita, security kule Airport Freezone, na haya yamenitokea mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi.

Sisi Waafrika Mashariki wa mtaa wa Al Twar tuna mbio zetu za kila mwaka, kilomita kumi.

Mwaka jana ziliharibika. Mshika saa alikuwa anakaa chumba kimoja na mshindi. Waganda wakasusa, group ya WhatsApp ikawaka wiki nzima.

Mwaka huu tukachagua kamati upya. Viti vitano, kila nchi ipate angalau kimoja. Na sharti moja: mjumbe asikae room moja na mkimbiaji.

Walioko nyumbani mtacheka. Huku mnalala sita chumba kimoja, mnapika sufuria moja. Roommate anakuwa zaidi ya ndugu.

Kiti nilikitaka, siwafichi. Kutwa nzima nafungua geti, "yes sir, yes madam". Kuitwa kamishna, ndivyo tunavyowaita wajumbe wa kamati, hata wa mbio za mtaani, kungenikosha roho.

Shida ni Kibet. Analala kitanda cha juu yangu, na alishajiandikisha kukimbia.

Nikanyamaza.

Siku ya uchaguzi pale park nikaongoza kura za kiti cha Kenya. Makofi! Bi Zuhura, mama wa Kizanzibari aliyesimamia uchaguzi, akanigeukia.

"Mwanangu, chumbani kwenu hamna anayekimbia?"

Kibet alikuwa mbele yangu, kainamisha kichwa. Nikaona kabisa: akishinda, watasema kabebwa.

"Yuko, Bi Zuhura. Huyo hapo."

"Basi khalas, kiti si chako. Ahsante kwa kusema kweli."

Niliumia, wakuu. Kiti akapewa dada mmoja Mkenya anayefanya kazi kliniki kule Oud Metha.

Njiani Kibet akaniuliza, "Si ungenyamaza tu, bro?"

"Ndio wakuite mwizi?"

Siku hiyo alipika yeye, ingawa zamu ilikuwa yangu.

Mbio zikafika. Kibet akashinda kwa hatua chache, na Mganda aliyekuwa wa pili ndiye wa kwanza kumpa mkono. Hakuna aliyehoji saa.

Mimi nilipiga kelele pale finish mpaka sauti ikakauka. Kamishna haruhusiwi kushangilia, nyie! Ningeikosa raha ile.

Nilichojifunza: anayeamua asiwe na mtu wake uwanjani, hata kama moyo wake ni safi. Ushindi wa mtu wake ndio unaochafuka.

Huko kwenu kamati mnazichaguaje? Mwageni maoni, ila anayekaa na mkimbiaji ajitaje kwanza.