Mstatili wa Wifi Yangu

"Hivi mama, wifi yako na mvi zile anatafuta nini kwenye hesabu za watoto?" Jirani yangu aliniuliza hivyo tukianika nguo. Nilimjibu kwa kifupi kwamba anatafuta kazi, nikaendelea kukamua shuka. Lakini habari yenyewe ni ndefu kidogo.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ni fundi cherehani. Wateja walimbatiza Profesa tangu walipomkuta anakata suruali huku kitabu cha hesabu kimeegemea cherehani. Chuo cha ufundi kilimtaka akafundishe ushonaji, ila mkuu wa chuo alisema wazi kwamba asipofaulu hesabu safari hii, nafasi anapewa mwingine. Mtihani wa kwanza alikuwa ameanguka. Ukabaki wa pili.

Siku moja kabla ya mtihani huo, mchana, nilimkuta ameurudishia mlango wa duka lake, jambo asilolifanya kamwe, macho yamemwiva.

"Kaa hapo, wifi. Nakueleza hatua kwa hatua, nikikosea nikamate."

"Nikukamate wapi, mimi niliyeishia shule ya msingi?"

"Ndiyo maana nakutaka wewe. Mwalimu anayenifundisha hesabu ananirukia hatua. Wewe utazidai zote."

Swali lilikuwa la mstatili. Urefu wake ni mara mbili ya upana, halafu unazidi kwa sentimita tatu. Mzingo, yaani ukijumlisha pande zote nne, ni thelathini na sita. Tafuta upana. Upana akauita x. Akachora kwa chaki yake juu ya meza ya kukatia, akajumlisha, akahamisha namba huku na huku, akagawanya. Likatoka jibu la desimali zisizokwisha. Nyuma ya kitabu walisema tano.

Akafuta kwa kiganja, akaanza upya. Likatoka lile lile. Alipojaribu tena, chaki ikamkatikia mkononi.

"Kitabu kimekosea," akasema.

"Yaani kitabu kizima, uko sawa wewe tu?"

"Usinitanie wifi, nitalia."

Nikamwomba Mungu moyoni, maana mimi x naijua kama alama ya mwalimu ya kukosa. Nikasoma swali polepole, kidole kikifuata maneno, kisha nikautazama mchoro. Kwenye upana kulikuwa na mbili imeongezwa. Kwenye urefu vilevile.

"Hizi mbili zimetoka wapi? Kwenye swali hazimo."

"Hizo za mshono," akajibu haraka, kama anayemjibu mteja.

Kisha akajishika mdomo. Kila kipimo kinachopita mikononi mwake hukiongezea kidogo, ili mshono upate pa kukaa. Mkono ulikuwa umeongeza bila kumwuliza.

Akazifuta. Upana na urefu pamoja vikawa tatu x, jumlisha tatu. Mara mbili yake, sita x, jumlisha sita, sawa na thelathini na sita. Akatoa sita, ikabaki thelathini. Akagawanya kwa sita. Tano.

Hatukucheka.

"Na kesho mkono ukinifanyia tena?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwani gauni unampa mteja bila kumjaribisha? Jibu nalo lirudishe kwenye swali, uone kama linakaa."

Akajaribu. Upana tano, urefu kumi na tatu, jumla kumi na nane. Mara mbili, thelathini na sita. Lilikaa.

Asubuhi yake nilimngoja nje ya ukumbi wa mtihani, midomo yangu haikuacha kusali. Alitoka kalamu bado iko mkononi, shingo imemlowa jasho.

"Mstatili ulikuwepo?"

"Ulikuwepo. Na mbili nikaziandika, wifi! Nikajaribisha, jibu halikukaa. Nikakata yote, nikaanza upya, msimamizi anakusanya karatasi. Hatua nimeziandika, ila ile ya mwisho sina hakika kama niliimaliza au aliichukua nusu."

Nikamfuta jasho la shingo kwa kanga yangu. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Matokeo yakibandikwa, wifi, naomba ukaniangalizie wewe."