Asubuhi Waliyokuja Kuombewa

Kwetu Mau Narok mtu akivuna viazi vizuri tunasema amebarikiwa. Ng'ombe akizaa ndama jike, amebarikiwa. Nami niliamini hivyo hivyo, mpaka asubuhi ile vijana walipoingia kwetu na mapanga.

Siku moja kabla, watu wa ng'ambo ya mto walikuwa wamechukua ng'ombe wetu na kumkatakata kaka yangu. Alikuwa amelazwa Nakuru, na hatukujua kama angeamka. Nilitaka damu yao, sifichi.

Mama alikuwa kiongozi wa maombi ya akina mama kanisani. Pale kijijini hakuna aliyeenda mtihani, harusi au kazi kwenye mitambo ya umeme Olkaria bila kumpigia magoti awekewe mikono kichwani. Kwa hivyo hata hawa vijana wetu waliokuwa wanaenda kuchoma nyumba za watu wa ng'ambo walipitia kwake kwanza. Mbele yao alikuwa binamu yangu, aliyelelewa na mama tangu akiwa mchanga.

"Mama, tuombee haraka," alisema. "Hawa jamaa watahepa."

Mama alikuwa anamenya viazi, wala hakuinuka. "Mnataka Mungu awashikie kiberiti?"

"Ni mtoto wako wamekata."

"Najua ni wangu. Na huyo unaenda kukata pia ana mama."

Binamu akamwambia yeye ni msaliti. Mama akaendelea kumenya. Basi binamu akampiga mdomoni na ubapa wa panga, na jino likaangukia kwenye sufuria ya viazi.

Mimi nilichukua mpini wa jembe. Nilimpiga begani, panga likaruka. Akaanguka. Nikampiga tena nikasikia mfupa ukivunjika, na wallahi nilijisikia vizuri. Wenzake walipoona hivyo walikimbia kuelekea mtoni bila kuombewa. Kabla ya saa sita tuliona moshi ng'ambo ya mto.

Lakini pale pale, nilipoinua mpini mara ya tatu, mama alikuwa ametambaa akamlalia, nisipate pa kupiga. Mdomo ulikuwa umejaa damu. Akamwekea mkono kichwani, vile alivyokuwa akituwekea siku zote.

"Mungu akubariki, mwanangu. Akupe maisha marefu."

"Usinibariki, mama," binamu akalia. "Tafadhali, usinibariki."

Alitikisa kichwa autoe ule mkono, lakini mama hakuuondoa. Alimwombea mke, watoto, mashamba, uzee mwema. Baraka zile zilikuwa za kaka yangu, na huyu mshenzi ndiye alikuwa anazipokea akiwa chini kwenye maganda ya viazi.

Kisha mama akaninyooshea mkono wake mwingine. Hakuweza kusimama, na binamu alikuwa amejikunja magotini pa mama. Ili nimfikie mama ilibidi nipige magoti kando ya yule niliyetaka kumuua.

Nilipiga magoti nikiwa bado nimekasirika.