Matanga ya Kobe Pale Ilomba

Nkuba fundi hatengenezi gari lolote isipokuwa Kobe. Ukimletea gari jingine, hata kama limezimika mbele ya geti lake, atakusaidia kulisukuma mpaka kwa jirani yake Selemani, kisha atarudi kukaa. Nimepika chai na chapati kwenye geti hilo la Nkuba, hapa Ilomba, kwa miaka mingi, na bado humtazama nikijiuliza mtu anawezaje kupenda kitu kimoja namna hiyo bila kuchoka. Mimi niliwahi kupenda hivyo. Sikupata faida yoyote, ndiyo maana nauliza.

Kobe ni gari dogo la Kijapani, fupi, lenye mgongo wa mviringo. Kiwandani lilipewa jina refu ambalo huku kila mtu hulitamka anavyotaka, kwa hiyo kutoka Mbeya mpaka Iringa tunamwita Kobe tu na kumzungumzia kama mnyama. Mlima wa Inyala anaupanda taratibu, malori yanampita huku yakimpigia honi, lakini anafika. Wenye Kobe ni watu wa ajabu kidogo. Wakikutana barabarani huwashiana taa hata kama hawajuani, na Jumamosi hukusanyika kwa Nkuba, mwenye ubovu na asiye na ubovu, kufungua boneti na kuchungulia ndani.

Nkuba alizaliwa Usangu. Baba yake alikuwa mmoja wa Wasukuma waliohama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, na yeye akakua akichunga. Masika moja alimkuta bwana mifugo amekwama na Kobe kwenye tope jeusi la mbuga. Magari makubwa yaliyokwama hapo, anasema, yaliachwa mpaka kiangazi. Lakini Kobe yeye alimfunga kamba kwa dume mmoja tu, dume akavuta, gari likatoka. Bwana mifugo akafungua boneti, akachomoa manyasi, akapiga stata, akaondoka zake. Nkuba alibaki amesimama akiangalia alama za matairi, na ng'ombe wakaingia kwenye mpunga wa watu. Alichapwa siku hiyo. Anaisimulia kama wengine wanavyosimulia siku ya harusi yao.

Mpaka leo anawatambua Kobe kwa rangi na makovu, kama alivyowatambua ng'ombe wa baba yake. Gari likiingia, kwanza analizunguka, analipapasa mgongo, anauliza lilishinda wapi na lilikunywa nini. Eveline, muuguzi wa Iringa mwenye Kobe mwekundu, anapita gereji zote za Mafinga na Makambako ili aje hapa. Anasema mafundi wengine humuuliza anataka wafanye nini, ila Nkuba humuuliza Kobe ameamkaje.

Asubuhi moja ya baridi kali, nikiwa bado nahangaika na mkaa, alikuja Yotamu, muuza mbegu wa Mwanjelwa, ameshika simu mbele yake kama mtu aliyebeba yai. Akatusomea kwamba ile kampuni kubwa, ambayo magari yake yamejaa kila barabara ya nchi hii, imeinunua kampuni ndogo inayomtengeneza Kobe. Imeinunua yote, na viwanda vyake.

Jumamosi ile hakukukalika. Yotamu alifurahi, akasema sasa spea zitapatikana popote, hata Chimala. Wengine wakamwambia ajiandae, Kobe atafungwa injini ya wakubwa na kuvalishwa sura yao, na baada ya hapo watoto wetu watamwona kwenye picha. Mzee mmoja alisema ni karatasi tu zimebadilishana mikono, bati ni lilelile. Eveline alipiga simu kutoka Iringa. Alitaka kujua kitu kimoja tu: ile nembo ya puani itabaki au itang'olewa? Walibishana mpaka chai ikapoa, na hasira zao zilinishangaza. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufika Japani, lakini walikuwa wakigombana kama ndugu waliouziwa shamba lao.

Mimi nilikuwa na swali langu. Niliuliza kama huyo mdogo aliyenunuliwa aliulizwa.

Yotamu akanicheka. Akasema, "Mama Peter, kampuni haiulizwi. Wanaulizwa wenye nayo."

Nikamwambia hata mimi niliambiwa hivyohivyo, na nikarudi kwenye chapati zangu.

Selemani alifika mchana. Ana gereji kubwa iliyopakana na ya Nkuba, yenye paa refu, jeki ya umeme na kompyuta ya kupimia magari, na anatengeneza ya kampuni kubwa karibu yote yanayoharibika upande huu wa mji. Baba yake alikuwa Mzaramo aliyekuja na ujenzi wa reli asirudi tena pwani. Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo yeye na Nkuba hawajawahi kusalimiana kwa adabu hata siku moja. Siku hiyo aliingia ameshika kichwa, analia kwa sauti ya kike.

"Mtani wangu amefiwa," alisema. "Na Msukuma akifiwa hata mbuzi hachinji, anaogopa atapungukiwa. Nani atazika?"

Nkuba alimjibu bila kuinua kichwa. "Wewe nenda kacheze ngoma. Ukimaliza kuuza minazi ya babu yako ndiyo uje uzike."

Watu wakacheka. Lakini Selemani alikaa kwenye benchi langu, akaomba chai, na macho yake yakaacha kucheka kabla ya mdomo. Akasema huko juu wakubwa wameshamaliza, sasa sisi wa chini tunangoja nini? Kwa muda mrefu alitaka Nkuba ahamie upande wake wa ukuta, aondoe kibao chake, awe fundi wa Kobe chini ya lile paa refu. Nkuba alikuwa akikataa kwa mzaha. Sasa mzaha ulikuwa umepata mguu. Spea zikianza kupitia kwa wakubwa, Selemani alisema, zitapitia kwake. Yotamu akaitikia kwa kichwa. Nikawaona wengine wawili watatu wakitazama chini, na Nkuba naye akawaona.

Kisha Selemani akaja na neno lake. Jumamosi ijayo tumwekee Kobe matanga, alisema, tule, tulie, na yeye kama mtani ndiye atakayesimamia. Nkuba atakuwa mjane. Mwisho wa matanga, kama ilivyo desturi ya upande wa Mgololo, atapewa kikombe cha maji amkabidhi atakayemrithi, mbele ya wote, na atakachofanya hapo hakitajadiliwa tena. Akatukodolea macho mmoja mmoja mpaka kila mtu akakubali. Nkuba alikubali wa mwisho. Chapati yake ya pili ilibaki kwenye sahani.

Wote walijua Selemani alikuwa hachezi. Nkuba akimpa Selemani kikombe, kibao cha Kobe kingeshuka siku hiyohiyo.

Kikombe hicho mimi nakijua. Mume wangu, Kalinga, alikuwa na mashine ya kupasulia mbao karibu na Mgololo, na nilipika, nilibeba, nilihesabu magogo naye mpaka mikono ikawa kama yake. Alipofariki, siku ya kuvunja matanga, wazee wa ukoo wake walinikalisha kwenye mkeka, wakanipa kikombe cha maji. Kaka zake walikuwa wamekaa mstari, wamenyoa ndevu. Mjane humpa maji yule anayetaka amrithi, na akishampa, nyumba na kila kilichomo kinaingia chini ya mkono wa huyo. Nitarudi kwenye hili. Kwanza Nkuba.

Wiki ile alifanya kazi kama kawaida, ila alikuwa haongei na magari. Ijumaa alikuja mapema kabla ya wateja, akaweka spana zake chini, akakaa. Nilidhani ataomba chai. Akaniuliza, "Dada, mjane asipotaka hata mmoja katika wale waliokaa?"

Nilimmiminia chai kwanza. Nilikuwa sijawahi kuulizwa.

Nikamwambia kwamba katika ukoo ule mjane aliruhusiwa kumpa maji mwanawe mwenyewe. Maana yake anabaki pale alipo, chini ya mtoto wake, na hakuna mwanaume wa kumgusa wala kugusa mali. Wanaume hawapendi kuisema sehemu hiyo, kwa hiyo vijana wengi hawaijui, na watu wa kuja hawajawahi kuisikia. Mimi nilinong'onezwa na shangazi yake Kalinga nikiwa jikoni.

"Wewe ulimpa Peter?"

"Nilimpa. Alikunywa yote."

Alitaka kuuliza kilichofuata, nikaona swali limemfika mdomoni, kisha akanywa chai. Sikumsaidia. Angeuliza ningemwambia: wale kaka walisema mtoto asiye na meno yote harithi, wakacheka, na kesho yake mashine ilihamishwa. Nyumba ikafuata. Peter walimbakiza kwao, na sasa ni mtu mzima anayeendesha mashine ya baba yake kwa amri ya baba zake wadogo. Mimi nilishuka Ilomba na sufuria.

Jumamosi uwanja ulijaa. Kobe walitoka Tukuyu, Chimala, Makambako, na Eveline aliondoka Iringa alfajiri na mwekundu wake akiwa amefungwa kitambaa cheusi puani, juu ya nembo. Selemani alijifunga kanga ya mkewe kichwani. Alifunga kamba getini na kila aliyeingia alitozwa ubishi kabla ya kupita. Kobe wa kwanza wa Nkuba, mweupe mwenye kovu mlangoni, ambaye alimnunua kwa bwana mifugo yuleyule alipostaafu, aliwekwa katikati kama marehemu, boneti wazi. Selemani akamsifu marehemu. Alisema alikuwa mpole, hakuwahi kumpita mtu barabarani, na hata kifo alikichelewa.

Nilicheka, nakiri, na mimi sicheki ovyo. Lakini nilipogeuka nikamwona Nkuba kwenye mkeka, ovaroli imefuliwa, mikono magotini. Nikajikuta nimeshika mwiko kwa nguvu. Nilitaka sana kujua. Sikutaka tu kujua atampa nani, maana hilo nilikuwa nimeanza kulihisi. Nilitaka kuona, mtu akifanya nilichofanya mimi, mbele ya watu wengi mchana kweupe, wale waliokaa mstari watafanya nini safari hii.

Selemani akaleta kikombe, akakikabidhi kwa mikono miwili. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi, akavua kanga, akaweka sura ya bwana harusi. Yotamu akakaa pembeni yake kama mshenga.

Nkuba alisimama. Alipita mbele ya benchi, na mkono wa Selemani ukaanza kunyooka. Akaendelea. Akafika kwa Kobe mweupe, akafungua mfuniko wa rejeta, akamimina maji yote, polepole, mpaka tone la mwisho. Kisha akampapasa mgongo.

"Huyu ni mwanangu," alisema. "Nimemlea mwenyewe. Nitakaa kwake."

Halafu Eveline akaanza kucheka, na uwanja mzima ukapasuka. Lakini Selemani hakucheka. Alibaki ameketi na mkono wake nusu hewani, kisha akaushusha gotini. Akawauliza wazee waliokuwepo kama jambo hilo limo katika mila. Mmoja akasema hajui, mwingine akasema kwao halimo. Yotamu akasema ni mchezo tu, Nkuba arudie vizuri. Niliisikia hiyo sauti. Niliwahi kuisikia Mgololo.

Selemani akanigeukia. "Mama Peter, wewe ndiye mwenye mila za huko. Hii inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa," nilisema. "Mimi niliifanya."

"Wakakubali?"

Watu wote walikuwa wakinitazama, na Nkuba pia, maana hili ndilo swali alilolimeza Ijumaa. Nikafuta mikono kwenye kanga.

"Wale hawakukubali," nilisema. "Wewe je?"

Selemani alinitazama. Sijui aliona nini. Ni mtu wa tamaa, simsifii, na wiki moja baadaye alikuwa tayari anamtania Nkuba kuhusu paa lake bovu. Lakini aliinuka, akavuka uwanja, akachungulia ndani ya rejeta kwa jicho moja.

"Msukuma wewe ni bahili mpaka kwa mwanao," alisema. "Kikombe kimoja atafika wapi?"

Akachukua dumu langu la maji bila kuniomba, akajaza rejeta mpaka ikafurika, akafunga mfuniko kwa mkono wake mwenyewe na kuukaza. Eveline akaenda kwa mwekundu wake akafungua kile kitambaa cheusi. Kibao hakikushuka.

Maji ya chai yalikuwa yameisha, ikabidi nitoke kwenda bombani. Njiani niliwaza bado juu ya huyo mdogo wa Japani, ile kampuni iliyonunuliwa. Yawezekana kabisa hata kikombe hakupewa.