Huzuni Waliyoizika Kichuguuni

Watu waliokaa mtaa wa Majimbo, mjini Embu, mwanzoni mwa miaka ile ya tisini wanamkumbuka Karimi, mke wa Stephen fundi wa magari, kwa kitu kimoja: alikuwa hawezi kumwona mtoto akipita bila kumsimamisha na kumjaribishia sweta. Aliuza mitumba ya watoto sokoni, na Jumamosi jioni alirudi nyumbani na furushi la nguo zilizobaki. Binti yake, Nelius, ndiye aliyelifungua. Walimwaga nguo zote kitandani, wakazikunja upya pamoja, redio ikisoma salamu za wasikilizaji, na baba nje akisugua mikono kwa sabuni na mchanga ili oili itoke. Kaka yake Nelius, Mwaniki, alikuwa akivaa kofia za kike kutoka kwenye furushi na kutembea nazo sebuleni kama bibi arusi. Kitinda mimba wao, Wanjira, alikuwa akilala juu ya rundo la nguo na kukunjwa nazo.

Nelius hakujua kwamba hayo ndiyo maisha mazuri. Aliyaona kama Jumamosi tu.

Karimi alifariki mwezi wa nne mwaka wa tisini na tatu, kwa homa iliyompanda kichwani. Alizikwa Mbeere, kwenye shamba la wazazi wa mumewe, huko chini kwenye joto na miiba. Nelius alikuwa darasa la saba, Mwaniki kidato cha pili. Wanjira alikuwa na miaka minne, na kwa kuwa hakuna aliyepata moyo wa kumweleza, aliambiwa mama ameenda sokoni. Akaitikia, akarudi kuchezea vifuniko vya soda.

Nyumba ikanyamaza. Baba alifika kutoka gereji, akala, akalala. Jina la mke wake halikutoka mdomoni mwake. Mwaniki, ambaye zamani alikuwa mcheshi, alirudishwa nyumbani kutoka shule kwa kupigana, na alipoulizwa sababu hakuwa na sababu. Nelius naye aliingiza uso kwenye furushi la mwisho la mitumba, ambalo hakuna aliyelirudisha sokoni, akakaa hivyo mpaka akapungukiwa na pumzi.

Likizo ya Agosti baba aliwapeleka Mbeere kwa nyanya yao, wakae huko mpaka shule zifunguliwe. Cucu, kama walivyomwita nyanya huyo, alikuwa mtu wa kanisa, mwenye huruma, lakini aliamini kwamba machozi mengi humsumbua marehemu. "Mwacheni apumzike," aliwaambia kila alipowakuta karibu na kaburi. Kaburi lenyewe lilikuwa bado tuta la udongo mwekundu, mbuzi wakilipanda na kushuka.

Mwenye mbuzi hao alikuwa Runji, kijana wa rika la Mwaniki, aliyeishi boma la pili na babu yake, mzee Kivuti. Zamani Kivuti alikuwa mganga aliyefuatwa kutoka mbali. Kisha akaokoka, akachoma mikoba na vibuyu vyake mbele ya mchungaji, na sasa alichonga mizinga ya nyuki. Lakini Runji alipokuwa mdogo ndiye aliyembebea mkoba, na alikuwa ameona mengi.

Siku moja walipokuwa wakichunga pamoja, Mwaniki aliketi chini ghafla akasema hataki kurudi nyumbani, hataki kurudi shule, hataki chochote.

"Guka alikuwa na dawa ya hiyo," Runji akasema, akimtaja babu yake.

"Ya nini?"

"Ya kufiwa. Kuna mama mmoja alikuja hapa akishikiliwa na watu wawili, hata kusimama hawezi. Alikuwa amezika watoto. Aliondoka akitembea mwenyewe, akipiga stori."

Nelius akasogea karibu. "Alifanyiwa nini?"

Runji akaeleza alivyokumbuka. Unachukua kibuyu kidogo, unatia asali, unatia kitu cha aliyekufa. Unaweka mdomo pale na kukiambia kibuyu kinachokuuma, chote, usibakishe. Kisha unaziba kwa nta, unakizika kwenye kichuguu kilichohamwa na mchwa, upande jua linakotua, unaondoka bila kugeuka.

"Basi?" Mwaniki akauliza.

"Basi. Na kulikuwa na mbuzi mweusi."

"Mbuzi wa nini?"

Runji alifikiri. "Nafikiri alikuwa malipo ya guka."

Siku ambayo Cucu alikwenda mkutano wa akina mama wa kanisa, wakafanya. Runji alileta kibuyu na asali. Nelius alileta kitambaa cha kichwa cha mama yake, chenye maua ya zambarau, alichokuwa amekificha ndani ya mto tangu mazishi. Kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwachia Wanjira, walimbeba, wakamweka kivulini kando ya kichuguu na konzi ya ukwaju wa kumumunya.

Mwaniki alitangulia. Alikaa na kibuyu mdomoni kwa muda mrefu, na maneno yake hawakuyasikia. Kisha Nelius akakipokea. Alidhani angekosa la kusema, lakini yakamiminika. Alisema juu ya kitanda, juu ya harufu ya nguo, na mwisho akanong'ona, "Naumia nikiona viatu vyake mlangoni." Runji akaziba kwa nta, wakachimba, wakazika, wakaondoka bila kugeuka, Wanjira mgongoni mwa Mwaniki.

Hawakuwa wamefika mbali Mwaniki alipoanza kupiga mluzi. Nelius akamtazama, naye akahisi kifua chake kimekuwa chepesi kama mtu aliyetua debe la maji. Jioni hiyo walikula ugali wa mtama na kunde, wakaomba kuongezewa, na Cucu akamshukuru Mungu kwa sauti.

Wiki iliyofuata ilikuwa tamu, na hata baadaye, alipojua ilikuwa tamu kwa gharama ya nani, Nelius hakuweza kujidanganya kuhusu utamu wake. Waliogelea mtoni. Walimpanda punda wa jirani mpaka akawaangusha. Mwaniki alirudia kuiga watu: mchungaji, mwalimu wa hesabu, baba akitafuta spana iliyo mkononi mwake. Walicheka mpaka wakaumwa na mbavu. Walipita kando ya kaburi kama wanavyopita kando ya kichaka.

Wanjira hakucheka nao. Mwanzoni walidhani ni ukwaju umemharibu tumbo. Alikataa uji, akakataa hata maziwa ya mbuzi aliyokuwa akiyalilia. Aliacha vifuniko vyake. Alishinda kizingitini akitazama njia, mikono mapajani, kama mwanamke mzima anayengoja habari mbaya. Cucu alimpaka mafuta ya maombi, akamchemshia majani machungu. Mtoto alikonda mbele ya macho yao.

Asubuhi moja Nelius alimpelekea ndizi mbivu, akachutama mbele yake.

"Wanjira, kula kidogo. Unaumwa wapi?"

Mtoto hakumtazama. "Naumia nikiona viatu vyake mlangoni," akasema.

Mlangoni hapakuwa na viatu. Nelius alibaki amechutama, ndizi mkononi. Mwaniki, aliyekuwa akinoa panga karibu, akaacha kunoa.

"Na nilimwambia nitamjengea nyumba ya mawe," Wanjira akaendelea, polepole, kwa sauti yake ndogo. "Akasema atangoja. Hakungoja."

Panga likamwanguka Mwaniki. Hayo alikuwa ameyaambia kibuyu peke yake.

Kilichomtisha Nelius zaidi kilifuata muda mfupi baadaye. Alijaribu kuviona viatu vyenyewe, vilikuwa vya rangi gani, vya kamba au vya kuchomeka, na hakuviona. Akautafuta uso wa mama yake. Akapata kitu kama picha iliyoachwa juani: nywele zipo, mabega yapo, katikati peupe. Akaitafuta sauti. Hakuna.

Walimkimbilia Runji, wakaenda kuchimbua. Mchwa walikuwa wamerudi. Kibuyu kilikuwa kimepasuka, asali imenyonywa yote, na kitambaa hakikusalia hata uzi. Runji, akiwa amepauka, akasema hakuna budi, waende kwa babu.

Mzee Kivuti alikuwa amekalia gogo akikwangua mzinga. Alisikiliza bila kuacha kazi mpaka Runji alipofika kwenye habari ya mbuzi wa malipo. Hapo akaweka patasi chini.

"Malipo," akasema. "Ulikuwa unanibebea mkoba na hukujua. Mbuzi hakuwa malipo. Huzuni haifi ukiizika, inatafuta pa kukaa. Mbuzi ndiye alikuwa wa kuichukua." Akawatazama mmoja mmoja. "Nani alikuwa karibu na hapo?"

Wanjira alikuwa mgongoni mwa Nelius, kichwa kimelala begani.

"Guka, mtolee," Mwaniki akasema. "Tuletee mbuzi, tutafanya tena, vizuri."

"Niliyaacha. Na hata kama singeyaacha, siwezi kufungua kitu mchwa wamekula." Mzee akamsogezea mtoto nywele usoni. "Hiyo ni huzuni ya nani? Ni ya mama yenu. Mtoto ameibeba, naye hamjui mama huyo vizuri, kwa kuwa alikuwa mdogo. Amebeba mzigo bila kujua ndani kuna nini. Zungumzeni juu ya mama yenu mbele yake. Zungumzeni mpaka ninyi ndio mlie. Ikirudi kwenu, itamwacha."

"Hatumkumbuki," Nelius akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kulisema.

"Basi waulizeni wanaomkumbuka."

Walianza kwa Cucu. Walitarajia fimbo. Cucu alisikia yote, akampakata Wanjira, na yeye aliyewakataza machozi akaanza kusimulia: namna Karimi alivyokuja bibi arusi kutoka milimani Meru akiwa na koti zito la baridi, akakataa kulivua kwenye joto la Mbeere kwa siku nzima, kwa kuwa ndani gauni lilikuwa limechanika. "Jasho lilimtiririka hivi," Cucu akasema, akacheka, akajifuta macho kwa kanga. Nelius alisikiliza kama anasikia habari za mgeni. Lakini siku hiyo Wanjira alikunywa uji nusu kikombe, akalala usingizi wa mtoto.

Walirudi Majimbo, wakaendelea. Waliwauliza majirani, wakamuuliza Mama Bundi aliyeuza mitumba kando ya mama yao. Wanjira alikuwa daima katikati yao, akisikiliza. Kila kisa kilimrudishia kitu kidogo: hamu ya chai, ugomvi na paka, kifuniko cha soda. Jioni moja baba aliingia akawakuta wakimuuliza mama wa nyumba ya pili Karimi alipenda kupika nini. Alisimama mlangoni mpaka mgeni akaaga.

"Mbona mnauliza watu wa nje?" akasema. "Mimi nipo."

"Wewe husemi, baba," Mwaniki akamjibu.

Stephen alivuta kiti. Alianza kwa shida, kama gari lililokaa bila kuwashwa, kisha akasimulia mpaka chai ikapoa vikombeni. Alisimulia walivyokutana, walivyokosana, alivyokuwa akimwita. Viatu vilikuwa vya kahawia, vya kuchomeka, vilivyokanyagwa kisigino. Mwaniki alilaza kichwa mezani akalia kwa sauti, mvulana mrefu hivyo, na baba yake akamwekea mkono shingoni.

Nelius alichelewa. Machozi yake yalingoja mwezi wa kumi na mbili, walipokwenda Kianjai, huko Meru, kwa Nkirote, dada ya mama yao, ambaye walimwita Tata. Tata Nkirote alikuwa akimenya viazi, akisimulia jinsi Karimi alivyomwiga chifu mbele ya watu, chifu mwenyewe akiwa amesimama nyuma yake. Ili wapate picha, akacheka kama dada yake alivyocheka: mcheko unaoanza kwa pumzi tu, halafu unapasuka. Nelius aliutambua kabla hajajua ameutambua. Akatoka nje, akashika nguzo ya zizi, akalia kwa maumivu yaleyale aliyoyazika Agosti, na ndani ya maumivu uso wa mama yake ukaanza kurudi, jicho, kisha jicho jingine. Alipogeuka, Wanjira alikuwa akimfukuza ndama uani, akipiga kelele.

Si vyote vilivyorudi. Mcheko ulirudi, sauti ya kusema haikurudi. Na kati ya yale anayoyajua Nelius kuhusu mama yake, mengine ni yake na mengine ni ya Cucu, ya baba, ya Mama Bundi, na hawezi tena kuyatenga. Amezoea.

Runji aliacha mbuzi akawa fundi wa mizinga kama babu yake. Mwaniki alisomea ujenzi. Mwaka wa tisini na tisa Nelius alipata nafasi chuo cha ualimu, na siku iliyotangulia safari Wanjira, aliyekuwa sasa na miaka kumi na miguu mirefu, alimketisha kwenye mkeka nje ya nyumba amsuke. Alisuka akiongea, kama kawaida yake. Akasema kwamba mama alipokuwa akifua mtoni Rupingazi alikuwa akilowesha vidole kwa povu la sabuni, anafanya duara, anapuliza, na mapovu yanaelea juu ya maji, naye Wanjira ameketi kwenye beseni lisilo na kitu, akiyasubiri yamguse.

Kisa hicho hakikutoka kwa yeyote waliyemuuliza.

"Nani alikwambia hayo?"

"Hakuna. Nayakumbuka tu," Wanjira akasema, kichana kikiwa mdomoni. "Alikuwa akisema, fungua macho, usiogope, haliumi."

"Alisema hivyo? Kwa sauti gani?"

Wanjira akatoa kichana, akasema tena, polepole na chini kidogo, jinsi alivyoisikia. Nelius aliinamisha kichwa ili mdogo wake aifikie shingo vizuri, akamwomba aanze tena kutoka mwanzo.