Siku Niliyomchukulia Baba Msamaha

Hii hadithi inanionyesha mjinga, nakwambia mapema, ili ukicheka tucheke wote. Juzi nilipeleka abiria na boda mpaka Mbuya, nikapita pale kwenye kambi ya jeshi tulipokuwa tunakaa nikiwa mtoto, nikazima pikipiki. Zile nyumba zetu za bati za duara hakuna tena. Iko ukuta mrefu tu. Mgongo unauma, jua linachoma, na mimi nimesimama pale nanusa maharage ambayo hayako.

Maana kambini kila kitu kilinuka maharage. Lori ya posho ikifika, watoto ndio tulipanga foleni na sufuria. Unataja jina la baba na namba yake ya jeshi, unapimiwa unga wake, unabeba kichwani, kwisha. Hakuna mtu aliuliza baba mwenyewe yuko wapi.

Sasa baba alipangiwa kwenda vita, mbali. Padri akaja kuungamisha askari kabla ya safari. Wenzake wakaenda, baba akakataa. Akakaa mlangoni anapiga buti rangi. Mama akalia ndani: "Akifa huko na dhambi zake, nitamuona wapi tena?"

Jirani yetu, mama Mwislamu, akamshika mkono. "Nyamaza, dada. Mlango wa Mungu haufungwi na padri akienda."

Mimi nikaona hawa watu wazima wanahangaika bure. Nikaenda kupanga foleni kwa padri. Nikapiga magoti, nikataja jina la baba, nikataja na namba, nikaanza dhambi zake: pombe ya waragi, matusi, kofi alilompiga mama siku ya Krismasi. Kwa sauti, bana, kama niko kwa lori ya posho! Askari nyuma wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Padri hakucheka. "Na zako?"

"Zangu nitaleta kesho, Fada. Leo nachukua msamaha wa baba."

"Unga unaweza kumchukulia," akasema pole pole. "Hii, mwanangu, kila mtu anakuja na sufuria yake."

Nikarudi mikono mitupu. Maneno yalikuwa yamefika nyumbani kabla yangu, na mimi nikaanza kungoja mkanda. Baba akaweka buti chini, akaniambia nirudie zote nilizotaja. Nikarudia. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

Kutoka vitani alirudi mzima, lakini kimya. Hakumpiga mama tena, na kwa padri hakuenda hata siku moja. Mwaka jana tumemzika. Mama bado anauliza atamuona wapi, na mimi, mtu wa utani, hapo nakosa utani. Kambi imeenda, foleni imeenda, hata yule padri sijui yuko wapi. Imebaki ile jioni, na mkanda ambao haukuja. Nilipomaliza kutaja, baba alinishika kichwa na mkono wake wenye rangi ya viatu.

"Kijana, wewe ulibeba zile nyepesi tu," akasema. "Ile nzito bado ninayo. Nenda ukale."