Miche Mirefu ya Odeta

Odeta alikuwa anauza miche kando ya barabara pale Mkolani, na alijulikana kwa miche mirefu. Mkaratusi, mgrivea au mvinje, miti ya Australia inayostahimili jua na ukavu, kwake ilimfikia mtu begani ikiwa bado kwenye kiriba, yaani kimfuko cha plastiki cha kuoteshea. "Mti mfupi kanunue kwingine," aliwaambia wateja, na hakuwa anatania.

Asubuhi moja Savita, mwenye duka Nyakato, alipiga simu. Kati ya mivinje sita aliyonunua kwa Odeta miaka kadhaa nyuma na kuipanda kando ya ukuta, mmoja umeangushwa na upepo wa ziwani. Odeta alikwenda amekunja uso, lawama ziko tayari mdomoni: hamkumwagilia, mlichimba shimo dogo.

Akainama kwenye shina. Mizizi haikuwa imekwenda popote. Ilikuwa imejizungusha yote mahali pamoja, na baada ya miaka yote ile ardhini bado ilikuwa na umbo la kile kiriba ambamo Odeta aliuacha mche msimu hadi msimu ili urefuke.

"Tulikosea wapi, dada?" Savita aliuliza.

"Hamkukosea," alisema Odeta. Neno hilo lilimtoka kwa shida.

Wiki hiyohiyo mteja wa zamani alifika Mkolani, akakuta Odeta amebakiza miche isiyovuka magoti tu. "Mbona mirefu siioni?"

"Imebaki mitano, kwa Savita," alijibu Odeta bila kuinua kichwa. "Wahi ukaione kabla upepo haujarudi."