Jina Lililokosekana Kwenye Wasifu

Nafundisha kompyuta sekondari huku Nambis, na wezi wa programu siwapendi. Nasema wezi kwa sababu ndivyo walivyo. Walimu wenzangu Jumapili wako kanisani, Jumatatu wanakraki programu ya watu, yaani wanavunja kufuli lake waitumie bila kulipa, Jumanne wananiletea kompyuta zimejaa virusi. "Mwalimu, hebu niangalizie hii." Naiangalia kwa kinyaa. Mimi natumia programu huria: ya bure, halali, na anayetaka anaifungua aone ilivyoundwa. Nimewahubiria mpaka wakati wa chai wananikwepa.

Jirani yangu, mama mzee, alipofariki, wanawe waliniomba niandike ratiba ya mazishi pamoja na wasifu wake. Nikaipanga vizuri, majina ya watoto saba nikayatia kwenye kisanduku cha maandishi, nikaituma stesheneri mjini Mbulu ikachapwe. Mwenye duka akanipigia.

"Mwalimu, huku kwangu kisanduku kimekaa vibaya, kama kuna maneno yamekatika. Nitumie kwa programu ya kawaida, au upite uone."

Eti ya kawaida. Yaani ile aliyoiiba. Nikamjibu kwamba faili langu halina shida, shida ni wizi wake, achape hivyo hivyo. Kulituma kwa namna isiyovurugika kungenichukua dakika moja, na nilijua. Sikutaka tu ajione ameshinda.

Kaburini msomaji akasoma majina ya watoto sita. Wa saba, kitinda mimba, alikuwa ameachika akarudi nyumbani, na ndiye aliyemlisha na kumwogesha mama yake mpaka mwisho. Kaka zake walikuwa hawamtaki pale, kila mtu alijua. Watu wakageuka kumtazama. Yeye alikuwa ameinamia karatasi yake, anaisoma upya.

Siku ya tatu alikuja kwangu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Karibu ukae."

Hakukaa. Akauliza taratibu, "Ni kaka zangu waliokwambia usiniandike, au mama mwenyewe aliacha amesema?"

Nikaanza kumweleza habari za programu huria na programu za wizi, jinsi faili linavyovurugika likihamishwa. Nilikuwa najisikia ninavyoongea, na nikajidharau kuliko nilivyowahi kumdharau yule wa stesheneri. Nikaziacha hizo habari.

"Hakuna aliyekukataa," nikasema. "Mama yako hakusema hivyo, wala kaka zako. Niliambiwa maneno yamekatika, nikafanya kiburi, sikukagua."

Hakusema amenisamehe. Alifungua kanga, akatoa ratiba alizozikusanya nyumba kwa nyumba, nyingine zimeshapata madoa ya chai, akaziweka juu ya kompyuta yangu pamoja na kalamu.

"Niandike," akasema. "Kwenye zote."